Tarehe Iliposogezwa Mbele: Kisa cha Mgonjwa Aliyejiandaa Mara Mbili kwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Mgonjwa wa kisa hiki tutamwita Bi. N. Maelezo yanayoweza kumtambulisha yameondolewa au kubadilishwa. Ninaandika kama mtu aliyekaa kwenye vikao vya timu iliyomhudumia, na nimekichagua kisa chake kwa jambo moja: mara ya kwanza alijiandaa akiwa na hamasa tele na hakuna kilichosonga, mara ya pili hamasa ilikuwa imepungua sana, na ndipo kazi ilipofanyika.

Usuli

Alipofika kliniki kwa mara ya kwanza alikuwa na miaka 43, urefu wa sentimita 162 na uzito wa kilo 116, yaani BMI (kipimo cha uzito kulinganisha na urefu) ya 44. Kigezo kilichotumika kwa miaka mingi ni kile kilichotolewa Marekani mwaka 1991: BMI ya 40 na kuendelea, au 35 ikiwa mtu ana ugonjwa unaoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama vya kitaalamu vya upasuaji huu vilipendekeza 35 itoshe hata bila ugonjwa mwingine. Kwa kigezo chochote kati ya hivyo, Bi. N. alistahili.

Alikuwa na kisukari cha aina ya pili, akitumia metformin na glibenclamide, na presha iliyotulia kwa dawa. Magoti yalimsumbua na usiku alikoroma. Hakuvuta sigara, na hilo lilituondolea kazi moja nzito, maana mvutaji hutakiwa kuacha wiki kadhaa kabla ili kidonda kipone na damu isigande ovyo. Alikuwa amejaribu kupungua kwa njia nyingi, akapungua, uzito ukarudi. Hapo hana tofauti na karibu kila mgonjwa tunayemwona.

Miezi mitatu ya mwanzo

Alikuja na ari ya aina yake. Video za upasuaji alikuwa ameziangalia mpaka akajua vifaa vinaingilia wapi. Hakuchelewa miadi hata mara moja. Akiulizwa anaendeleaje, alikuwa na jibu moja tu: "Niko tayari hata kesho." Kwenye faili kila mtu akaandika kwamba mgonjwa ana hamasa kubwa, na kwa kuwa ana hamasa, hakuna aliyemuuliza Jumatano ya kawaida anaamka saa ngapi, anakula nini, anatembea wapi.

Angeulizwa, angesema hakuna kilichobadilika. Tena kulikuwa na kilichoharibika. Kila mwisho wa wiki alikula kwa wingi kitu anachokipenda, akijiambia ndiyo mara ya mwisho. Vyakula vya kuagwa havikuisha. Kimoja kikishaagwa hukumbukwa kingine. Kilo 116 zikawa 120. Tabia hii ya kuagana na chakula imeenea mno kwa wanaosubiri upasuaji, na ni ajabu jinsi inavyozungumzwa kidogo kliniki, labda kwa sababu mgonjwa huiona aibu na sisi huiona utoto.

Wakati huohuo majibu ya vipimo yalikuwa yanarudi. Kipimo cha usingizi kilionyesha pumzi yake inakatika zaidi ya mara 40 kwa saa. Kuanzia 30 huhesabiwa kuwa tatizo kubwa. HbA1c, inayoonyesha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, ilikuwa asilimia 9.4. Kamera iliyopitishwa kooni ilikuta michubuko kwenye umio kutokana na asidi inayopanda, pamoja na bakteria wa Helicobacter pylori. Vitamini D na madini ya chuma vilikuwa chini. Watu hushangaa kusikia hilo, lakini mwili mkubwa unaweza kabisa kuwa na upungufu wa lishe.

Kisha kukatoka jambo ambalo halikuwa kwenye kipimo chochote. Akiwa anafunga mkoba aondoke, muuguzi alimuuliza zile tembe zilizochomoza humo ni za nini. Zilikuwa diclofenac. Alizimeza karibu kila siku kwa ajili ya magoti, akinunua mwenyewe, na hakuwahi kuzitaja alipoulizwa dawa anazotumia. "Hizo si dawa za ugonjwa," alisema, "ni za maumivu tu."

Kuahirishwa

Zikiwa zimebaki wiki tatu kufikia tarehe ya upasuaji aliyopewa, daktari wa nusukaputi alikataa, na alikuwa na sababu. Dawa za nusukaputi na za maumivu makali hulegeza misuli ya koo na kupunguza msukumo wa kupumua. Mgonjwa ambaye tayari anakatika pumzi usiku, na hajawahi kutumia kifaa cha kusukuma hewa kinachovaliwa usiku ili pumzi isikatike, anaweza kupata shida kubwa saa chache baada ya upasuaji. Sukari ya kiwango kile nayo huchelewesha kidonda kupona na kukaribisha maambukizi. Alitaka kifaa kitumike kila usiku kwa wiki kadhaa, na HbA1c ishuke chini ya 8.

Uamuzi ulikuwa sahihi, ila namna ulivyofikishwa haikuwa nzuri. Alipigiwa simu iliyodumu dakika mbili, akaambiwa upasuaji umesogezwa na atajulishwa. Baada ya hapo Bi. N. akaingia mitini. Wiki tano hakupokea simu wala kuja kliniki. Kifaa cha hewa kilikaa kwenye boksi lake.

Aliyekuja mwishowe alikuwa dada yake mkubwa, peke yake, akitaka kujua kama jina la mdogo wake limefutwa.

"Anasema amefeli," alimwambia muuguzi.

"Hapa hakuna mtihani, dada. Mwambie aje hata bila kupima uzito."

Alikuja wiki iliyofuata, na mizani haikuguswa.

Maamuzi yaliyofuata, na kwa nini

Uamuzi wa kwanza ulihusu tarehe, na timu iligawanyika. Daktari wa upasuaji hakutaka kutoa tarehe mpya mpaka vipimo vikae sawa. Tarehe ikivunjwa mara ya pili, alisema, mgonjwa hatarudi. Mwanasaikolojia aliona kwamba kumwambia mtu asubiri bila kikomo ni sawa na kumwambia aende zake. Walikubaliana apewe tarehe ya kikao cha tathmini, wiki nane mbele, na aambiwe waziwazi ni mambo gani mawili yatakayoangaliwa siku hiyo: saa za kifaa na HbA1c. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi uliookoa kisa chote. Alikuwa na siku ya kuhesabia, na siku hiyo ilitegemea vitu vilivyo mikononi mwake.

Wa pili ulikuwa kuondoa uzito kwenye taarifa za kila wiki. Alituma mambo matatu tu kwa simu: usiku amevaa kifaa saa ngapi, ametembea dakika ngapi, na chakula cha jioni amekimaliza saa ngapi. Mwanzoni alilalamika kwamba hayo hayana uhusiano na kupungua. Lakini mizani hupanda na kushuka kwa maji, chumvi na hedhi, na mtu aliyejipima asubuhi akakuta gramu 600 zimeongezeka baada ya siku tano za kujinyima hukosa sababu ya kuendelea siku ya sita. Dakika za kutembea hazipandi zenyewe.

Wa tatu ulibadilisha aina ya upasuaji. Yeye alitaka ule wa kukata karibu robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula na kuacha mrija mwembamba, kwa sababu ndio aliofanyiwa mtu anayemfahamu. Kwa mwenye asidi inayopanda kiasi cha kuchubua umio, mrija huo mara nyingi huzidisha tatizo. Akashauriwa baipasi, ambapo hutengenezwa kifuko kidogo cha takriban mililita 30 na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Alichukua siku kumi kukubali. Hapo ndipo zile tembe zikawa suala kubwa: baada ya baipasi, dawa za kundi la diclofenac na ibuprofen zinaweza kusababisha vidonda kwenye maungio, na vidonda hivyo huweza kutoka damu au kutoboka. Kwa hiyo magoti yalibidi yapate njia nyingine kabla ya upasuaji, si baada yake. Diclofenac ilisimamishwa, ikawekwa parasetamoli, na mtaalamu wa fiziotherapia akaanza na kiti cha kawaida: kuinuka bila kushika popote. Siku ya kwanza aliweza mara tano, jasho likimtoka. Miezi miwili baadaye alifika kumi na nne, na mapaja yalipopata nguvu maumivu ya magoti yakapungua kiasi cha kutembea nusu saa. Mazoezi hayo yalikuwa na faida nyingine: mgonjwa hutakiwa kuinuka kitandani na kutembea jioni ileile ya upasuaji, ili kuepusha damu kuganda miguuni na mapafu kujikunja, na anayeshindwa kuinuka kitini akiwa mzima hataweza akiwa na matundu tumboni.

Wa nne ulikuwa kwa mwanasaikolojia. Kikao cha kwanza kabisa, miezi ile ya mwanzo, Bi. N. alijibu kila swali vizuri mno. Kwamba hali chakula kwa sababu ya msongo. Kwamba halali akiwa na huzuni. Aliporudi, mwanasaikolojia alianza kwa kumweleza majibu gani hasa huweza kusimamisha upasuaji, na kwamba ni machache sana: ulevi usiotibiwa, kwa mfano, au ugonjwa wa akili usiodhibitiwa. Mengine yote hutumika kupanga msaada. Ndipo akasema alikuwa anaogopa kufutwa. Nyumbani anatunza watu wengi, na usiku wote wakishalala hukaa jikoni saa nzima akila. Hakuwa na njaa wala hakula kwa pupa ya kushindwa kujizuia. Ilikuwa saa pekee ya siku ambayo hakuna aliyemwita. Kumwondolea chakula hicho kwa amri kungemwondolea na hiyo saa. Wakapanga saa ibaki na chakula kihame: akae chumba kingine, na muda wa kuvaa kifaa uwe kikomo. Walikutana mara mbili. Nitalirudia hilo.

Mazoezi ya mlo yalifanyika kliniki, na mtaalamu wa lishe alikaa naye mezani. Kijiko kidogo, yai moja la kuchemsha, saa ya ukutani. Mara ya kwanza yai liliisha kwa dakika mbili. Akaombwa arudie na yai jingine: kipande cha ukubwa wa ukucha, kijiko kinawekwa chini, kutafuna mpaka kiwe kama uji, ndipo kijiko kinashikwa tena. Lilimchukua dakika kumi na nane, na katikati alinyanyua glasi ya maji mara tatu bila kujua. Mara zote mtaalamu aliisogeza mbali bila kusema neno. Baada ya baipasi kunywa huku unakula hakufai, na hushauriwa kungoja kama nusu saa. "Kumbe huwa sitafuni," alisema. Akaenda kufanyia mazoezi nyumbani, mlo mmoja kwa siku.

Kikao cha tathmini kilipofika, HbA1c ilikuwa 7.6 na kifaa kinavaliwa zaidi ya saa tano kwa usiku. Bakteria walishatibiwa, vitamini D na chuma vinaongezwa. Akapewa tarehe.

Wiki mbili za lishe ya ini

Kabla ya upasuaji wagonjwa wengi huwekwa kwenye lishe ya kalori chache, kwa kawaida kati ya 800 na 1,200 kwa siku, wanga kidogo na protini ya kutosha. Lengo ni ini. Kwa watu wengi wenye unene ini limejaa mafuta na limevimba, na upande wake wa kushoto hufunika sehemu ya juu ya mfuko wa chakula, palepale daktari anapotaka kufanyia kazi. Mwili ukinyimwa wanga hutumia kwanza akiba ya glikojeni (sukari iliyohifadhiwa mwilini), ambayo hushikana na maji mengi, kisha mafuta ya ini hupungua. Wiki mbili hutosha kulifanya liwe dogo na laini. Bi. N. alielezwa hivyo kwa mchoro, akaelewa vizuri mpaka akamweleza dada yake.

Siku ya nne, saa tano asubuhi, alianza kutetemeka na kutoka jasho. Sukari ilisoma 3.1 (mmol kwa lita). Glibenclamide huilazimisha kongosho kutoa insulini, iwe umekula au hujala, kwa hiyo mgonjwa akipunguza wanga ghafla ni lazima dozi ipunguzwe au isimamishwe. Kliniki ya kisukari ilidhani timu ya upasuaji imefanya hivyo. Timu ya upasuaji ilidhani kliniki ya kisukari imefanya hivyo.

Kilichotutisha zaidi ni alichofanya. Juisi ilikuwepo kwenye jokofu. Alikaa zaidi ya nusu saa akiitazama, hakuinywa, kwa sababu aliambiwa asiguse sukari na hakutaka kuharibu tarehe tena. Dada yake alimkuta anaongea kwa shida, akamnywesha kwa lazima. Dawa ilisimamishwa siku hiyohiyo, naye akapewa maelekezo yaliyopaswa kuwepo tangu siku ya kwanza: sukari ikishuka chini ya 4, kunywa au kula kitu chenye takriban gramu 15 za sukari, pima tena baada ya dakika 15, rudia ikibidi, kisha piga simu. Kunywa juisi hapo ni tiba, haihesabiwi kama kuvunja lishe.

Siku ya tisa kulikuwa na sherehe ya kifamilia, akala sahani nzima. Asubuhi yake aliandika ujumbe mwenyewe kabla hajaulizwa. Mtaalamu wa lishe alimjibu aendelee na mlo unaofuata kama ulivyopangwa, bila kufidia kwa kushinda njaa. Miezi sita nyuma sahani ile isingetajwa kabisa.

Upasuaji na mwaka wa kwanza

Aliingia chumba cha upasuaji akiwa na kilo 110. Ini liliinuliwa bila shida, baipasi ikafanyika kwa matundu madogo, na jioni alitembea ukumbini mara mbili akiwa na muuguzi pembeni. Siku ya tatu akaruhusiwa.

Wiki ya tatu alipiga simu akilia kwamba amejiharibia maisha. Alikuwa ametabiriwa wiki hiyo: chakula ni laini na kidogo, nguvu hakuna, na kila aliye nyumbani anakula mezani kama kawaida. Aliongea na mwanasaikolojia, na baada ya siku chache hali ikatulia. Mwezi wa nne nywele zikaanza kunyonyoka, jambo la kawaida baada ya kupungua haraka. Protini ikaangaliwa kama inafika gramu 60 kwa siku, naye akavumilia.

Kufikia mwaka mmoja alikuwa na kilo 78, HbA1c ya 6.1 kwa metformin peke yake, na anameza vitamini zake, kazi ambayo ni ya maisha yote. Kifaa cha hewa anaendelea nacho mpaka kipimo cha usingizi kirudiwe. Wengi hukitupa mapema kwa kuwa wamepungua na hawakoromi tena, na kukatika pumzi kunaweza kuwa bado kupo.

Lakini mwezi wa nane saa ya usiku ilirudi. Safari hii haikuwa sahani, ilikuwa vitafunwa vikavu vya kumung'unya, kidogo kidogo, ambavyo hupita kwenye kifuko bila kumshibisha. Uzito ulisimama kwa wiki sita.

Uchambuzi

Hamasa ya miezi ya mwanzo ilikuwa ya kweli, lakini ilielekezwa kwenye siku moja. Mtu anayengojea siku moja hana la kufanya leo, na siku ile ikiondolewa hana chochote. Kila kilichofaa katika maandalizi ya pili kilifanana na maisha ya baadaye: kutafuna, kuinuka, kuvaa kifaa, kusema ukweli juu ya sahani. Alipotoka hospitali hakuanza jambo jipya zaidi ya ukubwa wa kifuko. Hata uamuzi wa kumnyima mizani, nilioutilia shaka wakati huo, ulizaa matunda, ingawa nisingempa kila mgonjwa. Wapo ambao bila namba hupata wasiwasi zaidi.

Kuahirisha kwenyewe hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kwamba kipimo cha usingizi na HbA1c vilisomwa wiki tatu kabla ya upasuaji ilhali vilikuwa vimefanywa wiki ya pili baada ya kuandikishwa. Vikisomwa mapema, mgonjwa hapewi tarehe ya kuvunjwa. Na habari kama ile hutolewa ana kwa ana, pamoja na hatua inayofuata.

Ile sukari ya 3.1 ina sababu mbili zinazopaswa kutenganishwa. Moja ni ya mfumo: hakuna jina la mtu mwenye jukumu la dawa za kisukari wakati wa lishe ya ini. Nyingine ni ya mafunzo: tulimfundisha mgonjwa kutii lishe, hatukumfundisha wakati wa kuiacha. Mgonjwa mwenye bidii ndiye aliye hatarini zaidi hapo, kwa kuwa mvivu angekunywa juisi mapema. Fomu ya timu sasa ina mstari wa jina la daktari anayepunguza dozi, na lishe haianzi mstari huo ukiwa mtupu.

Lile la usiku lilipewa vikao viwili, vyote kabla ya upasuaji, wakati ambapo homoni za njaa bado hazijabadilika na mtu hajui ugumu utakuwa wapi. Miezi ya kwanza baada ya baipasi njaa hupungua sana, hivyo tabia hulala. Ikiamka, kati ya mwezi wa sita na mwaka, kwa kawaida miadi imeshakuwa michache. Bi. N. hakuwa na miadi ya mwanasaikolojia kwenye ratiba; aliiomba mwenyewe baada ya wiki sita za uzito kusimama. Wanakutana kila wiki mbili sasa, na kitu cha kwanza walichopanga ni nani atakayewaangalia watu wa nyumbani kwake jioni mbili za wiki, ili apate saa yake kabla ya usiku wa manane.